Kero ya Mtaa Mpaka Baraza la Madiwani: Namna ya Kuifuatilia Isipotee Njiani

Masika ya 2019 kalvati la barabara inayoingia mtaani kwetu lilikatika. Wiki ya pili daladala zikaacha kuingia, zikawa zinageuzia barabara kuu, na mwenye mgonjwa akawa hana budi kukodi bodaboda. Tukaandika barua, watu wakatia saini, tukaipeleka. Miezi minne ikapita. Tulipokwenda kuuliza tukaambiwa barabara ile haisimamiwi na ofisi tuliyoiandikia, barua yenyewe haina mhuri wa serikali ya mtaa, na katika mihtasari yote ya vikao vya kata hakuna mahali kalvati hilo limetajwa. Kwenye makaratasi, shida yetu haikuwahi kuwepo.

Novemba mwaka huohuo nilichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, nikakaa humo miaka mitano. Haya ndiyo niliyojifunza. Nayaandika kwa ajili ya mkazi wa kawaida wa Tanzania Bara, asiye na cheo wala ndugu ofisini, anayetaka barabara ipitike, taka zizolewe, uwanja wa wazi usimezwe na zahanati ikamilike.

Hatua ya 1: Jua kero yako ni ya nani

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotelea. Mjini ngazi ni mtaa, kata, kisha halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Kijijini ni kitongoji, kijiji, kata, kisha halmashauri ya wilaya. Juu yao wote ipo Ofisi ya Rais, TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Lakini si kila kitu unachokiona mtaani kiko chini ya halmashauri, na ofisa wa mapokezi hana wajibu wa kukuzungusha mpaka umpate mwenyewe.

Barabara kwanza. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za wilaya, za mitaani na za vijijini ni za TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa mhandisi wa halmashauri, ndiyo maana mpaka leo watu wazima wengi hubeba barua ya barabara moja kwa moja hadi kwa mkurugenzi. Peleka kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi na kwa diwani. Usiiache hiyo nakala ya diwani. TARURA si idara ya halmashauri, lakini meneja wake huja mbele ya madiwani kutoa taarifa ya kazi zake, na hapo diwani mwenye karatasi mkononi humuuliza swali ambalo wewe huwezi kumuuliza.

Daladala ni habari nyingine. Nauli, ruti na leseni za mabasi ni za LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Gari linalokatisha ruti jioni na kuwashusha watu nusu ya safari ripoti LATRA au kwa trafiki, ukiwa na namba ya gari, saa na mahali. Diwani hana uwezo wa kumnyang'anya mtu leseni. Ila stendi, choo cha stendi, taa zake, ushuru unaokusanywa pale, na mahali bodaboda wanapowekewa kijiwe, hayo ulizia halmashauri. Kwa Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yana wakala wake, DART.

Kuhusu nyumba, niseme wazi kwa sababu wapangaji wengi hudhani kinyume: halmashauri haipangi kodi ya chumba chako. Mwenye nyumba akipandisha, ofisi ya mtaa inaweza kuwaita mkae mzungumze, lakini haiwezi kumwamuru. Kinachosimamiwa na halmashauri ni michoro ya mipango miji, upimaji wa viwanja, vibali vya ujenzi, maeneo ya wazi, na afya ya makazi. Jirani anayetiririsha choo mtaroni ni kazi ya bwana afya wa kata. Ukuta unaojengwa juu ya njia ya wote ni kazi ya idara ya mipango miji, na swali la kwanza kuuliza ni moja tu: kibali cha ujenzi kiko wapi? Mgogoro wa mpaka wa kiwanja unaanzia baraza la kata, lakini tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Msiposuluhika mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, inamhusu mwenye nyumba hata kama umeme unanunua wewe. Mpangaji na akubaliane naye mapema jinsi ya kuirudisha.

Shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati, vituo vya afya, masoko, machinjio, uzoaji wa taka, maendeleo ya jamii: hivi ni vya halmashauri moja kwa moja. Maji ni ya mamlaka ya maji ya mji wenu, au RUWASA kama uko kijijini.

Hatua ya 2: Hakikisha imeandikwa

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Serikali za mitaa zinaendeshwa kwa muhtasari wa kikao. Maneno uliyomwambia mwenyekiti mkikutana dukani, hata akikuitikia kwa moyo wote, hayaendi popote. Mtendaji wa mtaa hapeleki maneno kata, anapeleka muhtasari. Mtendaji wa kata naye hapeleki halmashauri ila kilichomo kwenye muhtasari wa kata.

Kwa hiyo njia ni mkutano wa wananchi. Kijijini, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe humo. Mjini kuna mkutano wa mtaa. Ukiona miezi inapita bila mkutano, andikeni barua fupi ya kuuomba, watu kadhaa mtie saini, na nakala iende kwa mtendaji wa kata. Mkutano usipoitwa ngazi ya chini, ngazi ya juu haina cha kuanzia.

Siku ya mkutano fika mapema, andika jina lako kwenye daftari la mahudhurio. Msipotimiza akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa, hamtaamua kitu, mtakuwa mmezungumza tu. Usisubiri "mengineyo", ile agenda ya mwisho kabisa. Nimeona kero nzito zikiingia kwenye mengineyo saa kumi na mbili jioni, watu wamesimama wanataka kuondoka, zikaandikwa mstari mmoja: "Wananchi walilalamikia barabara." Mstari wa namna hiyo hauna maana kwa mtu yeyote atakayeusoma ofisini. Barabara ipi? Wapi? Tangu lini? Nenda kwa mtendaji siku tatu nne kabla, mwombe kero yako iwe agenda yenye namba yake.

Kisha iseme kwa namna inayoandikika. Sisi mara ya pili tulisema hivi: kalvati la barabara fulani, mita chache kutoka shule ya msingi, limekatika tangu Aprili, daladala haziingii, na watoto wanavuka mtaroni kwa ubao. Tukaomba azimio, si maoni: mkutano umeazimia mtendaji awasilishe suala hili kwenye kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Azimio lina mtu wa kulitekeleza na lina wakati. Kikao kinachofuata, agenda ya "yatokanayo" itamlazimu mtendaji aseme amefikia wapi.

Baada ya wiki moja rudi ofisini usome muhtasari wenyewe. Kama agenda yako imeandikwa kifupi mno au imeachwa, dai isahihishwe wakati wa kuthibitisha muhtasari kwenye mkutano unaofuata. Nenda kwa adabu na umwache mtendaji na heshima yake, kwa sababu utamhitaji tena. Watendaji wengi wanafanya kazi peke yao, mtu mmoja kwa mtaa wenye maelfu ya watu, bila karani. Mara mbili nilimwandikia mtendaji wetu rasimu ya muhtasari kwa mkono wangu, akaisoma, akasahihisha, akashukuru.

Ukiandika barua, ipitishe kwa mwenyekiti na mtendaji wapate kuisaini na kugonga mhuri, kisha ipeleke masjala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila nakala hiyo, ukirudi baada ya mwezi utaanza upya.

Hatua ya 3: Ivushe kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wajumbe ni wenyeviti wa mitaa au vijiji pamoja na madiwani wa viti maalumu wanaoishi katika kata hiyo. Wataalamu wa kata, yaani afisa elimu, bwana afya, afisa maendeleo ya jamii na wengine, huhudhuria. Hapa kalvati lenu linasimama pamoja na kisima cha mtaa wa pili na darasa la mtaa wa tatu, na kata haiwezi kuyapa yote kipaumbele.

Kabla ya kikao, mtafute diwani. Usimpigie simu ya malalamiko. Mpe karatasi moja yenye picha, urefu wa kadirio wa eneo lililoharibika, idadi ya kaya zinazoitegemea njia hiyo, na nakala ya azimio la mkutano wenu. Diwani anakwenda kusimama mbele ya wenzake na wakuu wa idara. Mpe kitu cha kushika. Na zungumza na mwenyekiti wa mtaa wa jirani: barabara inayopita mitaa miwili ikiombwa na wenyeviti wawili ina uzito ambao mtaa mmoja hauwezi kuupata. Kalvati letu lilipita kata kwa sababu shule iliyokuwa karibu nalo ilikuwa inapokea watoto wa mitaa mitatu.

Hatua ya 4: Fuata kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Watu husikia bajeti inasomwa bungeni Juni wakadhani ndiyo wakati wa kuomba. Wakati huo mambo yameshafungwa zamani. Vipaumbele vya mitaa na vijiji hukusanywa kuelekea mwisho wa mwaka, kwa utaratibu uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Rasimu ya bajeti ya halmashauri hupita kwa madiwani kwa kawaida Januari au Februari, ikaenda mkoani, kisha TAMISEMI, kisha bungeni kuanzia Aprili.

Maana yake, kero ya masika ya mwaka huu, ikipelekwa haraka na ikiingia kwenye mihtasari kufikia Oktoba au Novemba, ndiyo inayoweza kupata fedha kuanzia Julai ya mwaka ujao. Inauma kusikia hivyo mtoto wako akiwa anavuka kwa ubao. Kwa jambo la hatari ya maisha omba matengenezo ya dharura kwa barua tofauti, ukiambatisha picha. Lakini ombi la kudumu lisiache kupita njia yake ya bajeti, kwani kifusi cha dharura huondoka na mvua inayofuata. Julai 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na mikutano mingi ikapata nguvu ya kuomba tena barabara zilizokuwa zimekatiwa tamaa. Sisi tulikuwemo. Ombi letu lilikuwa limeshakaa kwenye mihtasari miwili, kwa hiyo halikuanza mwanzo.

Hatua ya 5: Nenda ukasikilize Baraza

Baraza la madiwani hukaa kikao cha kawaida kila robo mwaka, na kikao hicho kiko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Wengi hawajui. Ulizia tarehe kwa mtendaji wa kata au tazama ubao wa matangazo wa halmashauri. Vaa kawaida, kaa sehemu ya wageni, zima sauti ya simu. Huruhusiwi kuzungumza, mwenye kuzungumza ni diwani wako, ndiyo maana ulimpa karatasi.

Halmashauri nyingi hutenga siku ya kwanza kupokea taarifa za kata, ambapo kila diwani anasimama kueleza ya kwake, na siku ya pili taarifa za kamati. Nenda siku ya taarifa za kata. Sikiliza kama kero yenu imo. Kisha sikiliza jibu la mtaalamu, na uandike neno kwa neno. "Tumelipokea" ni tofauti na "limo kwenye mpango wa mwaka huu", na hayo mawili ni tofauti na "mkandarasi ameshapatikana". Mwenyekiti wa halmashauri au meya huongoza kikao, lakini mtendaji mkuu wa fedha na wafanyakazi ni mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa Baraza. Majibu ya utekelezaji yanatoka upande wake.

Kazi ya ndani zaidi hufanyika kwenye kamati za kudumu. Halmashauri za miji zina Kamati ya Fedha na Uongozi, Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na ile ya uchumi, afya na elimu. Za wilaya zina majina yanayokaribiana na hayo. Mwananchi haingii humo, lakini unaweza kujua diwani wako yuko kamati gani. Kama kero ni uwanja wa wazi unaomegwa na diwani wako hayumo kwenye kamati ya mipango miji, mwombe akukutanishe na aliyemo.

Hatua ya 6: Fedha ikifika, simama hapohapo

Shida mpya huanza fedha inapoingia. Madarasa na zahanati nyingi hujengwa kwa kutumia mafundi wa jamii badala ya mkandarasi mkubwa, na wananchi huchaguliwa kwenye kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Watu hukimbilia ya ujenzi kwa sababu ndiyo yenye sauti. Mimi nakushauri uombe ile ya mapokezi. Hapo ndipo saruji inapohesabiwa, nondo zinapopimwa na mchanga unapokubaliwa au kukataliwa. Usisaini hati ya mapokezi ya kitu ambacho hujakihesabu kwa macho yako, hata kama gari limekuja usiku na dereva ana haraka. Tulikataa lori moja la mchanga wenye udongo mwingi; fundi alinuna siku mbili, siku ya tatu likaja zuri.

Kwa kazi ya barabara tafuta bango la mradi: jina la mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza na kumaliza. Piga picha siku ya kwanza, maana mabango huanguka.

Kuna pia asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri inatakiwa kuikopesha bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Uliza mkutanoni vikundi gani vya kata yenu vimepata na kiasi gani. Ni haki ya kila mkazi kuuliza, si ya waombaji pekee.

Hatua ya 7: Ukipigwa danadana

Anza na maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyoko mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Omba kitu mahususi: nakala ya mpango wa matengenezo ya barabara wa kata yetu kwa mwaka huu wa fedha, au mkataba wa kampuni inayozoa taka. Ombi la "tupeni taarifa za maendeleo" litajibiwa kwa sentensi moja.

Soma pia ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa wazi baada ya kufika bungeni, na ina kitabu kizima cha serikali za mitaa. Tafuta jina la halmashauri yenu, usome hoja zake. Baadaye Baraza hukaa kikao maalumu kuzijadili. Nenda ukasikilize majibu.

Ukishuku rushwa, piga 113 kwa TAKUKURU, bure. Toa tarehe, kiasi na mahali, uvumi usiupeleke. Na kwa malalamiko ya kawaida ya huduma, serikali ina mfumo wa e-Mrejesho, unaokupa kumbukumbu ya kufuatilia. Itunze pamoja na nakala zako nyingine.

Ndiyo, tunza faili. Letu lilikuwa la karatasi la kawaida: azimio la mkutano, barua mbili zenye mhuri wa masjala, picha za kalvati kabla na baada, majibu niliyoyaandika barazani, namba za simu za ofisi. Kalvati lilijengwa mwaka wa fedha 2022/23, na daladala zikarudi kuingia mpaka shuleni. Novemba 2024 kipindi chetu kilipokwisha nililikabidhi faili hilo kwa mjumbe mpya aliyechaguliwa, mama mmoja wa genge la mboga. Ukurasa wa juu kabisa ulikuwa wa dampo la nyuma ya soko: azimio limeshapita kata, barua imepokelewa masjala, jibu bado. Nilimwandikia kwa penseli tarehe ya kikao cha Baraza kinachofuata.